Vumbi la Kughushi

Zamu ya usiku ninasaga mwezi wa uongo,
mfuko baada ya mfuko, kilo ishirini na tano,
katika banda la mabati ukingoni mwa ghuba ya barafu
ambako Desemba jua halijisumbui kuja.
Jiwe latoka mlimani, jeupe kama jino.
Aqqaluk hulileta kwa lori, hupiga honi mara mbili,
namimina,
kinu kinaguguna.

Kiangazi alikuja mhandisi kutoka Bremen, Wiebke,
suruali safi, darubini ndani ya sanduku,
atueleze tunachotengeneza.
“Kule hakuna mto,” alisema.
Nikamwambia hata huku, miezi minane, hakuna.
Hakucheka.
“Hakuna mto, hakuna upepo,
hakuna ukucha wa mnyama wala soli ya mtoto.
Jiwe huvunjwa na jiwe lililoanguka kutoka mbali,
na kila kibanzi hubaki na makali yake,
maana hakuna wa kukisugua.”

Tangu hapo naona uduara kila mahali.
Kokoto za pwani. Kitasa cha mlango.
Ile moja niliyoikuta mfukoni mwa koti la baba, baada ya maziko,
maji yameibembeleza
hadi imesahau ilivunjikia wapi.

Haba na haba hujaza kibaba, nilisoma mahali;
kule kibaba bado kinajazwa,
miaka milioni kwa unene wa punje ya mtama,
na hakuna anayengoja kupika.
Na kimya kingi, ati, kina mshindo mkuu.
Kule mshindo wenyewe ndio wenye kimya:
mlima unapasuka, vumbi linaruka, linarudi chini,
na hakuna hata mbwa wa kubweka.

Sheria ya kazi ni moja, imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu:
MAJI MARUFUKU.
Si theluji kwenye buti, si jasho, si mate.
Mwezi wa tisa nilipiga chafya juu ya ungo
na Pipaluk, msimamizi wetu, akamwaga mfuko mzima nje,
usoni pangu, bila neno.
Nilimwelewa. Tone moja ni mwanzo wa mto.

Vumbi hili halina adabu.
Limekula zipu ya ovaroli yangu, limekula beringi mbili,
limenichanja viganjani alama nisizoziona
ila ninapokamua limau.
Wiebke anasema lile la kweli lilinuka baruti.
Letu linanuka dizeli.
Hapo ndipo mghushi anapokamatwa.

Juzi mwezi ulikataa kuzama.
Siku tatu umezunguka juu ya kijiji
kama mtu aliyepoteza ufunguo.
Nilitoka na kahawa yangu, nikautazama pale penye weupe,
jiwe lile lile, la mlima ule ule, karibu,
nikaona haya kidogo,
kama niliyeiga sahihi ya mtu
kisha nikakutana naye dukani.
Nyayo zangu kwenye theluji zilifutika
kabla kikombe hakijapoa.
Kule, unyayo hungoja.
Sijui nani amepewa zaidi.

Alfajiri, ambayo ni giza tu lenye saa,
nafika nyumbani. Mama yuko mlangoni na ufagio.
“Vua mwezi nje,” ananiambia, kila siku, kwa sauti ile ile,
nami navua, nakung'uta, napiga buti ukutani,
naingia na soksi.

Lakini chini ya benchi, kona ya nyuma,
ambako mgongo wake haumruhusu tena kuinama
na mimi nasema kesho,
pameota weupe.
Jana nililala kifudifudi na tochi nikautazama.
Hakuna aliyeugusa.
Nikatia kidole, taratibu.
Bado unakata.